Barua Zenye Kasoro za Mzee Viateur

Athanasie alikuwa na meza moja, simu moja na kikapu cha barua zilizopotea njia. Kazi yake pale posta ilikuwa kuwasaka walioziandika na kuwaita waje kurekebisha anwani. Na watu wa Kigali walimpa kazi kweli kweli. Masanduku ya posta yapo, nyumba zina namba ukutani, lakini mtu mzima na akili zake anaandika: "Kabuga, geti la kijani, pale palipokuwa na kinyozi."

Aliyewashinda wote ni mzee Viateur, dereva mstaafu wa malori, mgane aliyekulia Tanzania. Kila wiki barua yake kwa binamu yake ilikwama. Mara haina sanduku, mara haina mji. Namba yake ya simu tu ndiyo hakuwahi kuikosea. Aliiandika kubwa nyuma ya bahasha. Akipigiwa, anakuja amenyoa ndevu, anasimama dirisha la tatu, kwa Athanasie, nusu saa nzima kuongeza neno moja, huku wakipiga soga kwa Kiswahili, maana Athanasie alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Wenzake walicheka chini chini. Yeye alijifanya haoni.

Sasa Jumatatu alikuwa anahamishiwa Kacyiru, kwenye vifurushi, ambako hakuna dirisha wala simu. Jambo hilo lilimsumbua, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Ijumaa asubuhi akaikuta kikapuni barua nyingine ya Viateur. Wenzake waliitupa humo kwa kuwa haikuwa na jina, au kwa uchokozi tu. Iliandikwa: "Kwa mama wa dirisha la tatu, Posta, Kigali."

Athanasie, mjane wa miaka hamsini na nane, moyo ukamwenda mbio hadi akaona aibu. Akapiga simu.

"Mzee Viateur, barua yako ina kasoro. Jina hakuna."

"Jina sijui, mama. Miezi nane naogopa kuuliza."

"Basi njoo uandike. Leo hii. Jumatatu sitakuwepo hapa."

Alifika baada ya dakika ishirini, shavu moja limenyolewa, la pili bado. Akaomba kalamu.

"Athanasie Nahimana," akatajiwa.

"Sanduku namba ngapi?"

"Sanduku sina. Andika: Gisimenti, ukipita duka la dawa, geti la bluu, pale palipokuwa na fundi redio. Mbwa iko, lakini haina shida."

Viateur akaandika yote polepole, na kwa mara ya kwanza hakuacha kitu. Kisha akampa bahasha, akainua macho.

"Na kwa anwani hii, posta wataifikisha kweli?"

"Hawawezi," Athanasie alisema, akimrudishia bahasha yake. "Ya namna hii mwandishi anapeleka mwenyewe. Jumapili, baada ya misa."