Hakuna Mahali Panaitwa Bampu

Mayai yalikuwa yameiva. Wangare aliyaopoa kwa kijiko, akayapanga ndani ya ndoo nyeupe ya plastiki na kuyafunika kwa taulo nzito ili yasipoe kabla ya kuwafikia madereva. Kachumbari ilikuwa tayari kwenye mkebe, chumvi imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Alifunga kufuli, akausukuma mlango kuhakikisha, akashika njia ya kwenda barabarani.

Macho yake hayakuwa macho tena. Mtoto wa jicho aliingia la kushoto kwanza, akastarehe huko, kisha akahamia na la kulia kama mpangaji aliyeongezewa chumba. Wangare aliona mwanga na vivuli. Aliona kitu kikubwa kikija, asijue ni lori au ni ng'ombe wa jirani. Hospitalini walimwandikia upasuaji. Mashine ikaharibika, kisha madaktari wakagoma, kisha daktari mwenyewe akahamishwa. Sasa aliambiwa angoje kupigiwa simu.

Lakini kuvuka barabara hakukuhitaji kuona. Kulikuwa na bampu.

Lori likitoka Longonot kuelekea Mai Mahiu, alilisikia tangu mbali likinguruma. Likikaribia, dereva aliinua mguu, mngurumo ukalegea, kisha breki za hewa zikapumua: tsss! Magurudumu ya mbele yakapanda tuta, du; ya nyuma yakafuata, du-du; minyororo ya trela ikalialia. Malori yaliyokuwa nyuma yake nayo yalikuwa yamepunguza mwendo, maana hakuna dereva mwenye akili anayetaka kuvunja springi za mwajiri wake. Hapo ndipo Wangare alipovuka, ndoo mkononi, bila haraka, akifuata mgongo wa tuta kwa nyayo zake mpaka ng'ambo, kwenye uwanja wanakoegesha malori. Watu wazima wenye macho yao mawili walivuka kwa hofu kubwa kuliko yeye.

Bampu hiyo serikali haikuijenga. Miaka mingi nyuma, gari lilimgonga Abby, binti wa fundi cherehani, akienda shule. Siku ya mazishi, wanaume walitoka makaburini na majembe yaleyale, wakarundika maramu, udongo wa changarawe, barabarani. Mkandarasi aliyekuja baadaye kutia lami aliikuta, akaona haya kuibomoa, akaimwagia lami na yenyewe. Tangu hapo mahali pasipokuwa na jina pakapata jina. Makanga wa matatu wakawa wanaita, "Bampu wa kushuka!" Kukawa na Kanisa la Bampu, Bampu Butchery, na kiosk cha Bampu cha kutoa na kuweka pesa. Watoto walizaliwa na kufika darasa la nane wakijua kwao ni Bampu.

Jambo moja tu lilimtia Wangare wasiwasi. Mwanawe Kiarie, anayefanya kazi kwenye shamba la maua na kukaa Kamere, alikuwa amemwambia waziwazi: "Mum, siku utashindwa kuvuka peke yako, nakuja nakubeba. Utakaa kwangu." Kwake kulikuwa na chumba kimoja, mke, watoto, na kitanda kimeziba mlango. Wangare alikuwa amekwenda kukaa huko mwishoni mwa wiki, akakalishwa kwenye kochi toka asubuhi, kila akiinuka wajukuu wanamwambia, "Cucu, kaa tu." Alirudi jana yake, Jumapili usiku, kwa pikipiki iliyomfikisha mlangoni akisinzia, akashukuru Mungu kwa kurudi nyumbani. Hakutaka kukaa tu. Alitaka kuuza mayai mpaka Mungu mwenyewe amkataze.

Sasa ilikuwa Jumatatu. Alisimama ukingoni, akatega sikio.

Lori la kwanza lilipita. Halikupumua. Halikusema du wala du-du, lilipita vuuu! upepo ukamvuta leso kichwani. La pili vilevile. Wangare aliingiza kidole sikioni, akakizungusha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alishikwa na hofu ya kweli: je, na masikio nayo yameanza? Macho yameenda, sasa masikio, atabaki na nini, pua?

Kisha akasikia. Tsss! Breki, palepale mahali pake. Ahsante Yesu, akasema moyoni, akashusha mguu barabarani.

"Mama Kiarie, rudi! Rudi nyuma!"

Ilikuwa sauti ya Shiko, muuza matunda wa ng'ambo, na Shiko hapigi mayowe ovyo. Wangare alijirusha nyuma. Kitu kikubwa kilipita mbele ya kifua chake kikipiga honi, kikilipita lile lori lililokuwa limepunguza. Ndoo ilimponyoka. Alisikia mayai yakiviringika kwenye changarawe.

Shiko alivuka mbio, akamshika mabega. "Uko sawa? Umegongwa?"

"Bampu imefanya nini?"

"Ai, kwani hukuambiwa? Walikuja jana tukiwa kanisani. Tingatinga moja na lori la lami. Kutoka kanisa, tukapata barabara imelala tambarare kama meza."

"Na hilo lililopiga breki?"

"Hao ni wale wa kila siku. Wamezoea. Wageni wanaona lami safi, wanakanyaga mafuta."

Wangare alikaa chini kwenye nyasi. Halafu hasira ikapanda, akaishukuru, maana ilimfukuzia hofu.

"Hiyo ofisi ya barabara iko Naivasha, si ndio?"

"Iko. Lakini mathe, wewe..."

"Weka ndoo yangu kwako. Upande wa Naivasha si ni huuhuu? Sina haja ya kuvuka. Nisimamishie gari."

Ofisini Naivasha alikalishwa kwenye benchi, akahamishwa benchi jingine, akaambiwa angoje mtu aliyekuwa amekwenda kunywa chai. Chai hiyo ilikuwa ndefu. Watu waliokuja nyuma yake na faili waliingia na kutoka. Hatimaye alipelekwa kwenye meza ya msichana mmoja aliyenukia sabuni nzuri na aliyejitambulisha kwa heshima kuwa anaitwa Chelimo.

"Karibu mum. Umetoka wapi?"

"Bampu."

"Hapana, nauliza unaishi wapi."

"Si ndio nakuambia. Bampu. Ukitoka Longonot ukishuka Mai Mahiu, kabla ya daraja."

Vidole vya Chelimo viligonga kompyuta. "Sioni Bampu hapa. Ni estate?"

"Ni kwetu."

"Sawa. Shida ni gani?"

Wangare alieleza yote: Abby, maramu, lami, breki, macho yake, na lile gari la asubuhi. Alijitahidi asipandishe sauti. Chelimo alisikiliza bila kumkatiza, akagonga tena kompyuta, kisha akaita bwana mmoja kutoka chumba cha ndani. Visigino vya viatu vyake vililia kwenye sakafu.

"Mama, nimeangalia hiyo barabara," bwana yule alisema akiwa amesimama. "Kwa record yetu, hiyo section haina bampu. Haijawahi kuwa na bampu."

"Haijawahi?"

"Haiko kwa design."

"Sasa jana mlitoa nini?"

Chelimo alikohoa.

"Jana ilikuwa maintenance," bwana alisema. "Tulitoa obstruction, kizuizi."

"Hiyo obstruction ndio bampu."

"Bampu ni kitu kimepitishwa na injinia, kiko na alama na kipimo. Hiyo yenu ilikuwa tu mchanga mliweka. Sasa unaniambia nirudishe kitu hakikuwa. Nitaanzia wapi?"

"Anzia pale mlikitoa."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, akaacha upesi.

"Watu wanafaa kuvuka kwa zebra, pale kwa mistari myeupe," bwana alisema.

"Zebra iko wapi?"

"Iko Mai Mahiu town."

"Niende Mai Mahiu nivuke, halafu nirudi tena kwetu, ndio niuze mayai?"

"Mama, hiyo ni barabara kubwa ya malori. Haiwezi simama juu ya mayai." Kisha labda akajutia, maana alipunguza sauti. "Andikeni barua. Wakazi wa hapo, kupitia chifu. Lakini muweke jina la mahali, lile linajulikana. Hakuna mahali panaitwa Bampu."

Wangare aliinuka. Chelimo alimshika mkono mpaka mlangoni, akamwonya kuhusu ngazi, akamwambia pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomuudhi zaidi. Mtu akikufokea, angalau unajua amekuona. Hawa walimwonea huruma vizuri kabisa, na wala hawakuamini kwamba anatoka mahali.

Jioni gari lilimshusha upande wa wauzaji, ng'ambo ya nyumbani kwake. Hata makanga aliita kama kawaida, "Bampu wa kushuka!" na Wangare nusura amwambie, nenda kaseme hivyo Naivasha.

Shiko alikuwa amewauzia madereva mayai yake yaliyonusurika. Kwenye uwanja, Elphas, dereva wa trela la simiti anayepita hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa amerudi na kuegesha, akimenya yai.

"Mathe, asubuhi ni mimi nilipiga breki," alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Nilijua bampu haiko, nimeambiwa na wenzangu kwa simu. Lakini kufika hapo, mguu ukajikanyagia wenyewe. Huyo nyuma yangu ni mgeni, akaona mimi ni mjinga, akanipita. Nilikuona. Sijakula tangu saa hiyo mpaka hili yai."

"Si makosa yako."

"Usivuke na breki yangu tena. Nakuomba. Sasa hiyo breki ni uongo."

Shiko alimgusa mkono.

"Mama Kiarie, usikasirike. Nilimpigia Kiarie. Niliogopa. Anasema anakuja kesho na pikapu ya rafiki yake, abebe vitu."

"Vitu gani?"

"Vyako. Kitanda na nini."

Kumbe mambo yalikuwa yamemalizika, na yeye akiwa bado kwenye benchi la Naivasha. Mahali pake pamefutwa, mwanawe ametafuta gari, na kesho angekaa kwenye kochi akiambiwa, cucu, kaa tu.

"Kuja nikuvushe sasa, giza isiingie," Shiko alisema, akimshika kiwiko.

"Niache."

"Mathe..."

"Shiko, nimesema niache. Nipe ndoo yangu."

Alitembea mpaka ukingoni. Alivua viatu, akavitia kwenye ndoo. Kwa wayo alitafuta mahali lami ya zamani yenye chembechembe inapoishia na ile mpya, laini na yenye joto la jua, inapoanza. Aliipata. Hapo ndipo tuta lilikuwapo. Alisikiliza, akangoja pengo ambalo hata kiziwi angelijua, akaingia barabarani akifuata lami hiyo laini. Katikati akasimama. Akageuka upande yanakotokea malori kutoka Longonot, akainua ile ndoo nyeupe juu ya kichwa.

Nyuma yake Shiko alipiga yowe. Lori lilikuwa linakuja. Wangare alilisikia likinguruma, likikua. Akainua ndoo juu zaidi. Mngurumo ukalegea.

Tsss!

Lilisimama karibu kiasi cha kuhisi joto la injini usoni.

"Wee mathe! Unataka kufa?" dereva alifoka kutoka juu.

"Sitaki. Pita. Lakini polepole."

Lilipita polepole, likimzunguka. Lililofuata nalo likapunguza, na la nyuma yake. Upande wa Mai Mahiu nako yakaanza kusimama. Honi zikalia, matusi yakatoka ya kila kabila. Elphas aliacha yai lake, akaenda kusimama upande ule wa pili, akipunga mikono. Kisha Wangare akasikia kandambili zikiburuta lami, na harufu ya maembe ikamfikia. Shiko alisimama kando yake, akilia na kumtukana kwa pamoja. "Una kichwa ngumu wewe. Kichwa ngumu kabisa." Nyuma yake wakaja wauza mahindi na yule mama wa uji. Hawakuwa wamepanga lolote. Walijipanga tu, kutoka ukingo hadi ukingo, pale walipozoea kuvukia, na watoto waliochelewa kutoka shule wakavuka mbele yao bila kukimbia.

Askari alifika kwa pikipiki kabla giza halijaingia. Alizima injini, akashuka akiguna.

"Nani ameanza hii mambo?"

"Ni mimi," Wangare alisema.

"Mama, unazuia barabara. Hiyo ni kosa. Najua macho yako ni mabaya, lakini sheria ni sheria. Utaenda station."

"Twende."

"Na hawa wengine watoke."

"Waulize wenyewe."

Hakuna aliyetoka. Askari alishusha pumzi, akachomoa redio yake, akabonyeza. Ilikwaruza. Hata honi zilikuwa zimechoka.

"Leteni gari," alisema. "Akina mama wamefunga barabara."

"Wapi?" redio ikauliza.

"Hapa Bampu."

"Bampu, sawa. Tunakuja."

Redio ikanyamaza. Huyo wa upande wa pili hakuuliza Bampu gani.

Wangare aliteremsha ndoo, akaiweka chini kwenye lami, akainyoosha mikono yake miwili mbele ya askari, tayari kufungwa.

"Afande," alisema, "wakifika, waambie waandike hivyohivyo, kwamba ni hapa Bampu. Nataka kwenda kortini na hiyo karatasi."