Mteja wa Kwanza kwa Gachanja

Siku ya kufungua duka lake, jua likiwa limeshapanda vizuri, Khairunisa alikuwa hajauza hata andazi moja, na wateja walikuwa wamejaa hadi barazani. Si kwamba hakuwa na cha kuuza. Keki zilikuwa zimepangwa kwenye kabati la kioo, kahawa ya tangawizi ilikuwa inachemka, na harufu ya iliki ilishavuka barabara kuwaita hata wasio na njaa. Ni yeye tu aliyekataa kuuza.

"Ngojeni kidogo, jamani," alisema. "Kidogo tu."

"Tungoje nini?" aliuliza Nekesa, muuza mboga, kikapu kikiwa bado kichwani. "Mimi nimetoka Naitiri na giza, bana. Pesa ndiyo hii, keki ndiyo ile. Ama ni ya kuangalia?"

Watu wakacheka. Khairunisa naye akacheka, maana asubuhi hiyo angecheka hata akikanyagwa kidole. Tangu alipokuwa mdogo kule Matisi, akikaanga mandazi mlangoni pamoja na mama yake, alikuwa akikitamani chumba katika zile safu mbili za maduka ya zamani zinazotazamana mjini Kitale, zenye kuta nene za mawe, nguzo barazani na milango ya mbao ya kukunja. Sasa alikuwa nacho.

Safu zenyewe zilikuwa zimegeuka. Palipokuwa na fundi wa baiskeli, ng'ambo ya barabara, palikuwa na kinyozi aitwaye Farid, mwenye vioo kila upande na taa za buluu. Palipouzwa magunia na kamba, paliuzwa maua ya plastiki na zawadi za harusi. Kodi ilipanda, walioshindwa wakafungasha. Na chumba hiki cha Khairunisa kilikuwa cha Gachanja, mzee wa misumari, kufuli na bawaba, ambaye Kitale nzima ilimjua. Mwenye nyumba alimwondoa, akapaka rangi, akaweka vigae, ndipo akatafuta mpangaji mwingine. Khairunisa hakumpokonya mtu, lakini watu ni watu. Asubuhi ile ile wawili walikuwa wameshaingia kuulizia kufuli.

Aliyemfunga mikono ni mama yake mwenyewe, Hawo, ambaye sasa alikuwa amekaa nyuma ya kaunta na tasbihi yake, ametulia kama hakufanya lolote. Kila mchuuzi anajua kwamba mteja wa kwanza ndiye anayekufungulia, na kwamba mwenye mkono mzuri hukuletea wengine. Hawo aliongeza lake.

"Chumba kilichotoka kwa mtu aliye hai, akufungulie mwenyewe," alikuwa amesema. "Akinunua kwa mkono wake, amekuachia kwa moyo safi. Asiponunua, kinyongo chake kitabaki humu humu, na utauza mpaka uchoke usione baraka."

Khairunisa aliyacheka maneno hayo, kisha yakamkaa moyoni yakakataa kutoka. Wiki iliyotangulia alikwenda hadi Bungoma, alikohamia Gachanja. Alimkuta kwenye kibanda nyuma ya soko, misumari ikiwa katika makopo yale yale ya zamani. Mkewe, Wangui, alimpa chai, na hadi kikombe kikaisha hakuna mteja aliyeingia. Khairunisa alitoa ombi lake. Mzee aliviangalia viganja vyake kwa muda.

"Tutaona, mwanangu," alisema, na kila mtu anajua maana ya tutaona.

Basi Khairunisa alirudi akiamini mzee ana kinyongo, na kwamba ana haki nacho. Hata hivyo alingoja. Mjinga wa kungoja ni yeye, lakini hakuwa tayari kuianza ndoto yake juu ya machungu ya mtu mwingine.

Farid alipenya katikati ya watu, nyundo mkononi. Alikuwa amejitolea kumpigilia bango, na bango lilikuwa bado limeegemezwa nguzoni.

"Khairu, hii ukuta imenishinda," alisema, akimwonyesha misumari iliyopinda. "Misumari ya supamaketi inaogopa hiyo mawe. Halafu si uje utoe huyu mzee buda kwangu? Ako hapo tangu nifungue. Hanyolewi, haongei, anaangalia tu huku kwako kwa dirisha. Nikimuuliza, ati ametoka Bungoma."

Farid alikuwa mgeni, amekuja mwaka huu kutoka Eldoret, hakumjua mzee wa misumari. Khairunisa hakungoja amalize. Alivuka barabara mbio, aproni ikipepea, pikipiki ikimpigia honi naye asisikie.

Gachanja alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, na koti lake refu na kofia ya sufu, akionekana mara nne kwenye vioo.

"Mzee! Umekuja!"

"Nimekuja."

"Sasa mbona uko huku?"

"Nangoja mtu anunue. Wa kwanza akitoka na keki yake, mimi naingia. Lakini hao watu wako wanasimama tu. Kwani keki haijaiva?"

"Nakungoja wewe!" Khairunisa karibu apige kelele. "Nimekataa watu wote kwa sababu yako!"

Gachanja alitikisa kichwa. "Mwanangu, wewe hujui unaomba nini. Mwaka wa mwisho hapo kwako nilikuwa nafungua mlango, hakuna mtu anaingia. Nikaenda Bungoma, ni hivyo hivyo. Wangui anaweza kukuambia. Hii mkono iko na mkosi. Nikikufungulia nayo, nitakuua biashara. Nimepanda kutoka Bungoma nikule keki yako, kabisa. Lakini kuwa wa kwanza, hapana."

Kumbe wakati yeye alikuwa akiogopa kinyongo cha mzee, mzee alikuwa akimlinda! Furaha ilimpanda ghafla hadi machozi yakamlenga, na hapo hapo akaona mifuko ya lile koti, ilivyovimba na kuning'inia.

"Mzee, una nini mfukoni?"

"Si misumari? Mimi naenda wapi bila misumari?"

"Ya ukuta?"

"Ile ukuta yako haishiki ingine. Nimepigana nayo miaka mingi. Nimekuletea zawadi."

"Sitaki zawadi," alisema Khairunisa. "Zawadi haifungui kitu. Niuzie, kwa bei ya kufungua."

Mzee alimtazama. Kisha mfanyabiashara aliyekuwa amelala ndani yake akaamka, akakaa sawa kitini, akataja bei.

"Ghali!" Khairunisa akaruka.

"Ghali? Hii ni chuma, si makaratasi! Enda supamaketi."

Walivutana, walipunguziana, Farid akiwa mlangoni kaduwaa, wakakubaliana. Gachanja aliipokea noti, akaigusisha kwenye paji la uso na kwenye kidevu, kama wachuuzi wanavyofanya na pesa ya kwanza ya siku.

"Umenifungulia," alisema.

"Basi mkosi uko wapi? Si umeshauza leo?"

Walipovuka barabara, baraza zima lilimtambua kwa mpigo. "Gachanja! Gachanja amerudi!" Nekesa alishusha kikapu ili apate mikono ya kupiga makofi. Mzee aliichukua nyundo ya Farid, akapapasa ukuta kama mtu anayetafuta mfupa, akapiga. Msumari ukaingia. Bango likapanda, KHAIRU KEKI NA KAHAWA, na vigelegele vikafika hadi msikitini.

Kisha akaingia ndani. Miguu yake, kwa mazoea, ilimpeleka moja kwa moja kwenye pengo la pembeni mwa kaunta, alikopitia miaka yote. Alimkuta Hawo amekaa pale. Akasimama. Gachanja aligeuka taratibu, akaizunguka kaunta hadi upande wa wateja, upande ambao katika chumba hiki hakuwahi kusimama kununua hata siku moja, akavua kofia.

Aliiweka juu ya kioo ile noti aliyoipata kwa misumari.

"Ile ya iliki," alisema. "Bei ya kufungua ni ngapi?"

Khairunisa alimtajia.

"Ghali!" akaguta Gachanja, na baraza lote likaangua kicheko.