Matundu ya Paa la Urho

Mvua ilimnyeshea Lempi akiwa jikoni kwake, na nje jua lilikuwa linawaka.

Majira ya baridi yalikuwa yanaisha huko kaskazini kabisa mwa Minnesota, na wifi yake Helmi alikuwa amekuja kunywa kahawa pamoja naye na mumewe, Urho. Tone la kwanza lilimwangukia Helmi utosini. La pili likatua katikati ya mkate wa iliki. Hawajamaliza kutazamana, dari nzima ikawa inavuja.

"Kaka, nyumba yako inalia," alisema Helmi, akifunika kikombe kwa kiganja.

"Ni fundi yule!" Urho akafoka. "Paa alilipigilia ovyo!"

"Paa ulilipigilia mwenyewe, mume wangu," Lempi alimkumbusha.

Urho akakohoa, kisha akakimbilia ndoo. Haraka hiyo ndiyo iliyomtia Lempi shaka. Akachukua tochi, akaegemeza ngazi, akaanza kupanda darini.

"Shuka, utaanguka!"

"Nikianguka nitakuangukia wewe. Sogea."

Huko juu hewa ilikuwa nzito, inanuka uvundo. Mbao zilikuwa zimeota kuvu jeusi, na misumari yote iliyotokeza chini ya paa ilikuwa imevaa barafu, ambayo sasa ilikuwa inayeyuka kwa lile jua. Lempi alitambaa hadi ukingoni, penye matundu ya kupitishia hewa. Hakuona mwanga, aliona nguo. Akavuta pazia kuukuu. Akavuta suruali ya ndani ya Urho. Kisha akashika mkono wa koti lake mwenyewe la kijani, lile aliloambiwa limepelekwa kanisani kwa wahitaji.

"Urho!"

Urho akajishughulisha na ndoo.

"Urho, hao wahitaji wa kanisani wanalala darini kwetu?"

Chini, Helmi aliangua kicheko hadi akaweka kikombe.

"Nilikuwa naziba baridi," Urho alijitetea. "Upepo ulikuwa unapita mle kutwa."

"Si ndiyo kazi yake!" alisema Helmi. "Umesahau ulipoziba matundu ya zizi la baba, ati unawaonea ng'ombe huruma?"

Urho hakuwa amesahau. Asubuhi yake kuta za zizi zilikuwa zinatiririka maji, na ng'ombe walikohoa kama wazee.

"Zilikuwa pumzi zao wenyewe," alisema polepole. "Na sisi tunapika, tunaoga, tunachemsha kahawa kutwa... Mvuke wote huo unapanda huko juu, halafu hauna pa kutokea, unaganda kwenye misumari."

"Haya, umejijibu. Panda unisaidie!"

Lempi akalivuta koti kwa nguvu zote. Lilipochomoka, hewa kavu ya baridi ilimpiga usoni, tamu kweli, akajikuta anacheka peke yake kule gizani.

Walitoa matambara hadi jioni. Baadaye Urho alitandaza sufi ya kuzuia baridi kwenye sakafu ya dari, joto libaki chini wanakoishi watu, na kule ukingoni akaacha njia ya upepo. Msimu uliofuata theluji ilitulia juu ya paa bila kuyeyuka ovyo, na misumari ikakaa mikavu.

Tangu hapo, mgeni yeyote akiingia, Urho humwonyesha ngazi kabla hajamkaribisha kiti.

"Njoo uone paa linavyopumua!"

"Mwache kwanza avue viatu," Lempi humwambia, huku akimimina kahawa.