Vioo vya Steji

Mungai alitema mate kwenye kioo, akakisugua kwa kiwiko cha sweta lake, kisha akakiinua ajitazame meno. Mate yenyewe yalikuwa na punje za mutura, ile soseji ya matumbo ya kando ya barabara. Naliaka aliziona zikiteleza taratibu kwenye kioo kabla hazijasuguliwa, akageuzia uso barabarani, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni ila chai ya rangi, na hakutaka kuitapikia steji ya watu.

“Safi,” Mungai akasema, akijichokonoa jino kwa ukucha. “Siste, hizi ndio mirror. Ukipeleka hizi hakuna mtu atakusumbua.”

Steji hiyo iko Hurlingham, kando ya Argwings Kodhek, mahali ambapo mtaro wa maji machafu umeziba tangu mvua za mwaka jana na hakuna aliyeona haja ya kuuzibua. Waendesha pikipiki hushinda hapo kutwa, hula hapo, na wakibanwa hukojolea ukuta huo huo wanaouegemea. Mungai ndiye mwenyekiti wao. Ana tumbo, ana sauti, na ana maneno ya kanisani kwa kila jambo, hata la nani anunue soda.

Pikipiki aliyokuja nayo Naliaka ilikuwa ya kaka yake, Sammy. Pikipiki ya stima, isiyo na moshi wala kelele. Sammy aliiendesha kwenye steji hii hadi siku alipogongwa na lori pale Naivasha Road. Alikuwa akihamia kulia kukwepa shimo, hakuliona lori likija nyuma yake. Alikata roho hapo hapo kwenye lami. Kampuni inayowakodisha watu wa steji pikipiki hizo iliitengeneza, ikawaambia jamaa kwamba mmoja wao anaweza kuendelea nayo mradi ipite ukaguzi kufikia Ijumaa hii saa kumi jioni. Isipopita, inarudi kwao na mambo yanaishia hapo. Naliaka alikuwa ameacha kazi ya nyumba kwa ajili yake. Sammy mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, jioni kwa jioni, kwenye uwanja wa kanisa mtaani kwao Satellite, na mama yao huko Kimilili hakuwa na mwingine wa kumtegemea tena.

Vioo vya pembeni tu ndivyo vilivyokosekana. “Zilivunjika kwa accident,” Mungai alikuwa amemwambia, siku ya mazishi.

Kwa hivyo jana yake alishinda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri mjini, akitafuta vingine. Na vilivyokuwa pale, heri angebaki nyumbani! Plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, ukiikwaruza kwa ukucha inabanduka. Kimoja kilimwonyesha ana kichwa cha papai. Kingine kililegea shingo kabla hata hajakilipia. Muuzaji mmoja akajitia kumwonyesha namna ya kukaa ili kioo kimkae sawa, mkono ukawa kiunoni mwake na haukuwa na haraka ya kutoka. Naliaka alimtukana kwa Kibukusu mpaka watu wakageuka, akaondoka mikono mitupu huku akijipangusa kiuno kana kwamba amemwagikiwa na uchafu. Usiku ule Mungai akampigia simu. Asihangaike, steji ina vioo.

Na kweli ilikuwa navyo. Leo ndipo alipoelewa maana yake. Steji nzima ilikuwa na jozi moja. Wanaume hawa hawapendi vioo. Ukipenya katikati ya magari vinagongana na vya wenyewe, na ukiegesha nje ya geti la mtu unavikuta vimeng'olewa. Basi huendesha bila, shingo zikipinda kama za kuku, na siku ya ukaguzi hufungiana jozi ile ile, huyu akitoka huyu anavaa. Wanajiona wajanja sana. Naliaka aliwatazama wakicheka, akaona kinyaa, lakini akaisogeza pikipiki karibu. Mwenye shida hachagui sana, na Ijumaa yenyewe ilikuwa leo, saa zinakwenda.

“Oloo, funga,” Mungai akaamuru.

Oloo alikuwa mwembamba, mpole, mwenye watoto watatu na macho mekundu ya vumbi. Yeye ndiye angefuata kukaguliwa baada ya Naliaka, kwa hivyo alikuwa na hamu kazi iishe. Alichuchumaa, akaingiza spana, kisha akatoa mdomoni kitu alichokuwa amekificha shavuni muda wote kama mtu anayemumunya peremende. Vipande viwili vya shaba. Akavidondosha kiganjani vikiwa vimelowa mate, akakifunga kimoja kwenye tundu la usukani, halafu juu yake akazungusha mguu wa kioo.

Naliaka akainama. Akakitazama kile kilichobaki kiganjani.

Alikijua. Alikuwa amekishika mkononi mwake kutoka Kirinyaga Road hadi Satellite, kikiwa bado na joto la mashine. Siku hiyo Sammy alimzungusha mjini mpaka miguu ikamuuma. Kila kioo alichoonyeshwa, alimsimamisha dada yake nyuma, kando ya mkokoteni wa ndizi, akamwambia ainue vidole. “Nikishindwa kuvihesabu, hicho si kioo, ni picha ya ukutani.” Wauzaji walimcheka, yeye hakujali. Mwishowe akapata jozi aliyoitaka, kioo halisi, kizito, lakini ilikuwa ya pikipiki kubwa za petroli na miguu yake ilikuwa minene kuliko matundu ya pikipiki yake. Fundi mmoja uchochoroni akawakerezea vipande vya shaba, chini vyembamba, juu vinene, vya kuunganisha. Kimoja akakikata kirefu kuliko mwenzake. Ndiyo sababu kioo cha kulia kilikuwa kimeinuka kidogo kuliko cha kushoto. Naliaka alitaka wamrudishie fundi. Sammy akakataa, akasema hata masikio yake mwenyewe hayakulingana na hajawahi kuyarudisha.

“Hii mlitoa wapi?” Naliaka akauliza.

Oloo akaacha kuzungusha.

“Ni ya steji,” Mungai akasema.

“Ni ya Sammy.”

“Sammy alikuwa mtu wa steji.”

“Chairman, uliniambia zilivunjika. Ulimwambia mama zilivunjika.”

Mungai akavuta kamasi, akalimeza. Alikuwa mkavu wa macho kabisa. “Siste, tusikosane. Siku ya accident nilikuwa na inspection, yangu ilikuwa inaisha. Nikamwomba, akanipa na roho safi. Sasa hapo makosa iko wapi? Mama yako alikuwa analia. Wewe ungemwambia nini?”

“Na yeye akaingia barabarani bila.”

“Sisi wote tunaingia bila. Siku ya mtu ikifika imefika.”

Naliaka alimkumbuka Kimilili, amevaa koti la kuazima, mkono juu ya jeneza. Alikuwa amepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya steji. Sammy, alisema, hakujua kumnyima mtu kitu. Watu walilia. Mama yao alilia zaidi ya wote, akainuka akamshika mkono. Baadaye Mungai alikula kuku, akala tena, na paja moja akalifunga kwenye karatasi akaondoka nalo. Naliaka mwenyewe ndiye aliyemletea karatasi.

Alitaka kuondoka. Alitaka kuing'oa ile shaba, aichemshe kwa maji ya sabuni, asiwaone tena watu hawa hadi kiama. Lakini vioo vilikuwa vya Sammy, pikipiki ilikuwa ya Sammy, na asipofika kabla ya saa kumi zote zingekwenda.

“Malizia,” akamwambia Oloo. “Na hicho kingine kipanguse kwanza. Kipanguse na maji, si na suruali yako.”

Oloo akakiosha kwa maji ya chupa, kimyakimya, akafunga. Naliaka akatoa kitambaa akaufuta utando wa mafuta ya mutura, akasugua na kusugua, na bado aliuona. Akavielekeza vioo mwenyewe. Mungai alikuwa akimwambia kitu kuhusu kusamehe, hakumsikiliza.

Alipita Gitanga Road. Pikipiki ya stima haisemi, unasikia matairi na pumzi zako tu. Nyuma yake, ndani ya kioo cha kulia, Oloo alikuwa akimfuata kwa pikipiki yake isiyo na kioo, akipinda shingo huku, akipinda kule, gari kubwa likimpita karibu limpapase goti. Naliaka alijikuta akimchunga. Alichukia kwamba alikuwa akimchunga, lakini hakuweza kuacha kutazama.

Uwanja wa kampuni ulikuwa Lavington, nyuma ya ukuta wenye maua. Mkaguzi aliitwa Mwelu, mwanamke wa makamo mwenye bablishi mdomoni. Hakuinama hata mara moja. Alikanyaga breki, akawasha taa, akagonga kioo kimoja kwa ukucha wake mrefu, akacheka.

“Hizi zimekuja tena? Hizi nazijua kama watoto wangu.”

“Unazijua?” Naliaka akauliza.

“Za steji ya Mungai. Zikija hapa hata sizikagui, zimeshakaguliwa sana.” Akapuliza bablishi hadi likapasuka, akalilamba mdomoni. “Wewe umepita. Ambia huyo wa nyuma ajipange.”

Kupita ndiko huko. Naliaka alikuwa ameliombea jambo hilo wiki nzima, na sasa lilimjia na harufu ya bablishi ya ndizi. Pikipiki ilikuwa yake. Hakufurahi hata chembe. Alijiona amechovywa ndani ya mtaro ule wa Hurlingham pamoja nao.

Nje ya geti Oloo alikuwa tayari, spana mkononi. “Siste, hongera. Nipee haraka, wanafunga saa kumi.”

“Hapana.”

“Hapana nini?”

“Hizi ni za ndugu yangu. Haziendi kwa mtu mwingine. Nenda town ununue zako.”

Oloo alicheka, kisha akaona kwamba yeye hacheki. “Naliaka, wacha basi. Nikikosa kupita kampuni inanizimia pikipiki leo leo kutoka ofisini. Niko na watoto.”

“Hata mama yangu alikuwa na watoto.”

“Utatuharibia steji. Chairman hatakubali ukae hapo.”

“Sitaki kukaa hapo. Pale pananuka.”

Akaiwasha pikipiki. Oloo akashika usukani kwa mikono miwili, sauti ikampanda. “Basi nitakufuata! Nitakufuata na hii yangu bila mirror mpaka Satellite, kama Sammy vile alikuwa anazifuata, alafu utaona…”

Akauachia usukani. Alikuwa amekwisha kusema.

“Alikuwa anafuata nini?” Naliaka akauliza.

Oloo alitazama viatu vyake.

“Oloo. Sammy alikuwa anafuata nini?”

“Mirror zake.” Sauti ilikuwa ndogo. “Chairman alimaliza inspection, akaenda nazo kwake Satellite. Sammy akampigia, akamwambia azirudishe steji. Chairman alikuwa anakula. Akasema ye hawezi rudi town na njaa. Akamwambia, kama ni zako, zifuate.”

“Wewe ulijuaje?”

“Simu ilikuwa loudspeaker. Sisi wote tulisikia.”

Chai ya rangi ikapanda. Naliaka aliwahi kushuka na kufika kwenye ule ukuta wenye maua, akatapika hapo, akishika magoti, mpaka ikabaki nyongo tu. Askari wa geti akatoka akilalamika kwamba maua yamemwagiliwa asubuhi. Naliaka akajifuta mdomo kwa kile kitambaa alichofutia kioo, akasikia harufu ya mutura, akatapika tena.

Wote walisikia. Wote walikuwa Kimilili. Hakuna hata mmoja aliyekosa sahani.

Aliporudi, Oloo bado alikuwa amesimama pale pale, machozi yakimchora vumbi usoni. Spana ilikuwa imening'inia mkononi. Hakuwa amegusa vioo. Naliaka alimtazama mdomo, ule mdomo uliokuwa umeibeba shaba ya Sammy shavuni, na hakumhurumia. Angeweza kuondoka. Angeweza kumwacha amfuate, ashike barabara kwa kukisia kama wote wanavyokisia, na likitokea la kutokea, siku yake imefika.

“Panda,” akamwambia.

“Wapi?”

“Nyuma. Yako iache hapa kwa askari. Tunaenda Kirinyaga Road, nitakusimamia nyuma ninyooshe vidole mpaka upate yenye unaona. Tutarudi kabla ya saa kumi.”

“Naliaka, mimi…”

“Usiniongeleshe. Na usinishike.”

Oloo akapanda, mikono ikishika chuma cha nyuma. Walishuka Gitanga Road. Kila Naliaka alipotazama kioo aliuona uso wa Oloo nyuma ya bega, macho chini, na kila mara kinyaa kikamrudia. Simu ilianza kulia mfukoni. Alijua ni Mungai, akaiacha ilie.

Mbele kulikuwa na shimo. Naliaka akawasha taa ya kulia, akatazama kioo kile kilichoinuka kidogo, akaona lori likija. Akalisubiri lipite.