Mfuko Wenye Vuguvugu

Miaka arobaini ya kuuza barafu ilimpa Mzee Barafu jina na kichwa kigumu. Kwake, kila kisichotakiwa kuharibika dawa yake ilikuwa hiyo hiyo.

Binti yake alipojifungua asubuhi ile, mkunga alimtokea ukumbini na kasha jeupe.

"Babu, humu mna mfuko wa damu ya kitovu. Ina seli shina, zile zinazozaa damu mpya. Gari la maabara limeharibika, na mkweo hawezi kumwacha mkewe. Ifikishe maabara wewe. Ila usitie barafu!"

"Umemwambia nani?" mkwewe alicheka, akichungulia mlangoni. "Huyu hata uji angeutia!"

Mzee hakucheka. Mjukuu wake wa kwanza, Chiriku, msichana wa miaka sita, alikuwa amelazwa tena kwa maumivu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Vipimo vya wakati wa mimba vilishaonyesha kwamba analingana na mdogo wake huyu. Seli zikifika hai, madaktari wangempandikizia. Zikifa njiani, basi tena.

Teksi ikakwama kwenye foleni. Jua lilichoma mpaka kiti kikanuka. Mzee akalitazama kasha.

"Simama pale kwa muuza juisi."

"Si ulisema tuwahi, mzee?" dereva aliuliza.

"Simama, mwanangu."

Alirudi na bonge la barafu, akafungua kasha, akaugusa mfuko. Ulikuwa na vuguvugu, kama kisogo cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mkono ukamganda hewani. Alikumbuka nyanya alizowahi kumgandishia marehemu mkewe ziwe akiba. Zilitoka ngumu, nyekundu, za kupendeza. Zilipoyeyuka zikalegea zote, maji matupu. "Mume wangu," mkewe alisema, "umeziua kwa mapenzi."

Akafunika kasha taratibu, akampa dereva barafu.

"Ya nini?"

"Jipake utosini. Twende!"

Maabarani, alisimama kofia mkononi huku mtaalamu, binti mdogo mwenye miwani, akihesabu kwenye darubini. Hesabu ile ilikuwa ndefu kuliko foleni.

"Ziko hai, Babu. Nyingi tu. Sasa tunazigandisha."

"Mnazigandisha!" Mzee nusura amnyang'anye.

"Polepole. Kwanza tunazitia dawa, barafu isije ikazipasua."

Mzee akatikisa kichwa. "Ningekujua zamani, binti yangu, ningeokoa nyanya."

Binti hakuelewa, lakini alitabasamu.

Jioni aliketi kando ya kitanda cha Chiriku, akamshika mkono. Kwa kawaida mtoto angeruka na kulalamika kwamba babu ana vidole vya friji. Safari hii alitulia.

"Babu, leo mikono yako ina joto. Kwa nini?"

"Nilikubebea zawadi kutoka kwa mdogo wako," alisema Mzee Barafu. "Njia nzima."