Magongo ya Mama

Kosa ni langu, tena la kizembe, na nalisema mapema kabla dada yangu hajalisema kwa sauti yake ile. Kazi yangu ni fiziotherapia. Nina diploma, nina koti jeupe, na kila mgonjwa anayepewa magongo lazima nimpime kwanza: asimame wima, na kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole vitatu. "Uzito kwenye viganja, siyo kwapani!" Nawaimbia mpaka wananichoka. Halafu baba yangu mzazi kavunjika kifundo cha mguu, nikampa magongo bila kumpima.

Baba ni kinyozi. Aliteleza kwenye nywele za mteja wake mwenyewe, alizokuwa anaahirisha kuzifagia. Alipofungwa plasta nikamwambia nitamletea magongo ya hospitali.

"Ya nini? Ya mama yako si yapo juu ya kabati?"

Yalikuwepo. Ya mbao, seremala alimchongea mama alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Nilipoyashusha, vumbi likanijaa usoni, na chini ya vumbi kulikuwa bado na harufu ya mafuta yake ya kuchua. Vichwa vyake alivizungushia kitambaa cha gauni lake la bluu. Kwenye mshikio wa kulia, pete yake ilikuwa imechimba kijifereji. Baba akapitisha kidole mle, na mimi diploma yote ikanitoka kichwani.

Sasa, mama alikuwa mrefu. Kwenye picha ya harusi baba kasimama juu ya tofali. Ukiangalia vizuri unaliona, gauni halikulifunika lote. Maisha yote alimtania: "Mke wangu, huko juu kuna baridi?" Naye mama bila kugeuka: "Chukua ngazi uje uone."

Kwa hiyo magongo yale yalimfika baba kwapani kisawasawa, na yeye akayapenda. Akawa anasimama mlangoni pa duka lake, kajitundika kwa makwapa kama koti kwenye msumari, anapiga soga na wapita njia mpaka kivuli kinahama. Nilikuwa nampita nikienda kazini najisemea, afadhali, angalau anacheka. Tangu mama atutoke hakuwa anacheka hivyo.

Wa kwanza kugundua tatizo alikuwa Kipara. Huyu ni rafiki wa baba. Kichwani hana unywele hata mmoja, lakini kila Jumamosi utamkuta kwenye kiti cha kinyozi kwa ajili ya ndevu. Siku hiyo nilikuwa nimemletea baba chakula. Yeye yuko kwenye stuli, mkasi mkononi. Mkasi ukafunga kwenye ndevu za Kipara. Haukufunguka.

"We mzee, umeninasa."

"Tulia."

"Nitulie vipi, nimetegwa kama panya!"

Baba akauchomoa mkasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukabaki unaning'inia, kiganja kimelala kama cha malkia anayesubiri kubusiwa. Kipara akaanza kucheka, akaniona uso wangu, akaacha.

"Baba, inua kiganja."

Hakikuinuka.

"Kunjua vidole."

Wapi.

"Haya, vikunje."

Vikakunja, kwa unyonge. Nikamgusa nyuma ya mkono, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Akasema anahisi kama amevaa glavu, tena tangu juzi.

"Juzi? Na hukusema?"

"Nilidhani nimeulalia."

Iko neva moja kubwa. Inatoka shingoni, inapita kwapani, inazunguka nyuma ya mfupa wa mkono kama mmea uliotambaa kwenye nguzo, inashuka upande wa nje wa kiwiko mpaka nyuma ya kiganja. Kazi yake ni kufungua: inyooshe kiwiko, iinue kiganja, ikunjue vidole. Ukiigandamiza kwapani kila siku, inazimia. Ukiiachia mapema, mara nyingi inaamka.

"Na nikichelewa?" baba akauliza.

"Unaweza kubaki na mkono wa kufunga tu. Magongo ndiyo yamekuminya, Baba. Marefu mno. Leo nayakata."

"Humkati mama yako mbele yangu."

"Basi nikuletee ya hospitali."

"Sitaki."

Kipara akageuka kwenye kiti, ndevu upande mmoja zimekatwa, upande wa pili kichaka. "Mzee, mkono huo unanishika ndevu tangu zikiwa nyeusi. Ukifa huo, mimi niende wapi? Na nitoke hivi?"

Baba akauangalia mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mkono huu ndio nilikuwa namkatia mama yako nywele," akasema. "Anakaa kwenye kigoda kile, nimfikie. Analalamika magoti, lakini anakaa." Akanisukumia magongo. "Haya. Kata chini. Kitambaa usikiguse."

Nikaazima msumeno kwa jirani. Nikampima safari hii, vidole vitatu, nikakata. Vipande viwili vikadondoka, kila kimoja na raba yake ya chini, iliyolika upande mmoja kwa mwendo wa mama. Nikayavisha magongo raba mpya, baba akajaribu kusimama.

"Miaka yote namwambia ashuke kidogo," akasema. "Leo ndiyo amesikia."

Akacheka, na huku anajifuta macho kwa mkono wa kushoto. Vipande akaviweka rafuni, karibu na kopo la poda.

Nikamfunga banzi kiganja kisilale, tukaanza mazoezi. Plasta ya mguu ikatoka, mkono bado umelala. Kipara akafuga ndevu kwa ukaidi, eti hanyolewi na mtu mwingine. Usiku nilikuwa sipati usingizi; nilishawaambia watu wengi "itarudi", sikuwahi kumwambia baba yangu. Halafu asubuhi moja kiganja kikajiinua kidogo, kivivu, kama mtoto anayeamshwa aende shule. Kesho yake kikazidi.

Leo amesema anataka kichwa cha kujaribia. Kipara kadai yeye ndiye wa kwanza. Nimemwambia mwenye kosa ndiye anayetangulia. Nimekaa, shuka shingoni. Mkasi unafunga, unafikiri, unafunguka. Sikio la kushoto nimeshaliaga. Kwenye kioo namwona baba, na nyuma yake rafu, na vile vipande viwili vya mbao.

"Baba, kimoja nipe mimi."