Bakuli la Mizizi

"Kunywa lote. Mwezi uliopita ulibakisha, ndiyo maana umeziona siku zako tena." Bi Mashavu alimsogezea mkwewe Mwaija bakuli la dawa ya mizizi.

"Nililimaliza, mama. Muulize mwanao."

Kibwana alisimama mlangoni, suruali imeganda udongo mweupe wa kisima.

"Nimuulize nini? Mwaka wa sita huu. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, mpaka mbuzi tasa wa balozi wa nyumba kumi amezaa. Wewe tumbo bapa kama ungo. Kesho napeleka posa ya mke wa pili Sindeni, kwa kina Chausiku. Kwao hawajui ugumba."

"Daktari wa Korogwe alisema sote wazima," Mwaija alisema taratibu. "Si ndivyo, Kibwana?"

Kibwana akatazama miguu yake. Daktari hakusema hivyo. Alikuwa amepima manii aliyopelekewa kwenye kichupa, kisha akafunga mlango. "Nguvu za kiume unazo, ndugu. Hilo ni jambo jingine. Mbegu zako ni chache mno, na hizo chache hazina mwendo. Uliwahi kuugua matumbwitumbwi ukubwani?" Aliwahi, kambini kwenye mashamba ya katani; korodani zilivimba asiweze kutembea. "Basi huenda ni hayo. Ila kipimo kimoja hakitoshi. Rudi baada ya miezi mitatu turudie. Mkeo sijamwona na kasoro."

Hakurudi. Katika uchimbaji wake wa visima, akigonga mwamba hupanda kamba akawaambia watu palepale: hapa hamna maji, tusipotezeane siku. Hili lake alilifukia, akamwacha Mwaija anywe mizizi.

Mwaija aliinua bakuli. Mara ya mwisho alikuwa ametapika mpaka akashindwa kusimama.

"Lete hapa," Kibwana alisema.

"Hiyo ni ya wanawake," mama yake akamkatiza.

"Kasoro ni yangu, mama. Daktari aliniambia tangu masika. Nikaja hapa nikamdanganya mke wangu. Sindeni usiende. Mimi narudi Korogwe kupimwa."

Bi Mashavu alikaa kwenye kigoda kama aliyesukumwa. "Usiseme kwa sauti, mwanangu. Majirani."

Kibwana akalichukua bakuli, akanywa. Ilikuwa chungu; akanywa mpaka machicha yakamgusa meno.

Mwaija hakumshukuru. Alilitoa bakuli mikononi mwa mumewe, akatoka nje, akalisuuza, akalifudikiza juani.